Darasa la uuguzi lina fujo na wewe unataka kusoma: mwongozo kamili wa kuishi na wanadarasa wasumbufu

Huu mwongozo nauandikia wanafunzi wa uuguzi na ukunga hapa Tanzania, hasa mlioanza ngazi ya NTA 4, yaani mwaka wa kwanza, na mnaoendelea na ya 5, maana huko ndo naona watu wanateseka kimyakimya. Mi nafanya kazi wodi ya wazazi, wanafunzi wanakuja kwetu kila mzunguko wa mafunzo ya vitendo, na usiku kazi ikitulia wakianza kuongea wanachoongelea sana ni wenzao, kuliko hata ada au ugumu wa Anatomia. Dada mmoja atakwambia nyuma ya darasa wanapiga stori mpaka mwalimu hasikiki, kaka mwingine kikundi chao wako wanane na kazi anaifanya yeye na mwenzake mmoja, mwingine akisimama kufanya prosija (kazi ya kiuguzi ya hatua kwa hatua) kwenye doli la mazoezi wenzake wanacheka mpaka mikono inamtetemeka. Ukiyasimulia nyumbani yanaonekana madogo, mama atakwambia we soma achana nao. Ila achana nao miaka 3 haiwezekani, unasoma nao, unalala nao bweni moja, unaingia nao zamu, na mgonjwa mnamshika wote.

Jambo kubwa ninalotaka ushike ni kwamba kero zote hazina njia moja. Kuna kero inayoharibu usikivu wako, kuna inayoharibu alama zako, na kuna inayomgusa mgonjwa au mwili wa mtu. Wengi wanaumia kwasababu ile ya kwanza wanaikimbiza kwa mkuu wa chuo alafu ile ya tatu wanainyamazia.

Hatua ya 1: Andika kinachotokea kabla hujakasirika

Chukua daftari dogo, wiki moja tu inatosha. Kila ukisumbuliwa andika tarehe, kipindi gani, nani, alifanya nini, na wewe ulipoteza nini. Usiandike "fulani ana dharau", andika "kipindi cha Mikrobiolojia saa 4, waliokaa mstari wa nyuma wameongea mwanzo mpaka mwisho, sijapata maelezo ya bakteria wa gramu chanya na gramu hasi". Ukimaliza wiki soma ulichoandika, na hapo mara nyingi unagundua darasa lenye watu 90 lina wasumbufu wanne au watano, na kati ya hao mmoja au wawili ndo wanakuumiza kweli. Wengine ni kelele ya kawaida ya watu wengi kukaa chumba kimoja chenye joto.

Alafu kila kero iweke kwenye fungu lake. Soga, kuchelewa kuingia, simu kuita, anayebishana na mwalimu kila slaidi: usikivu. Kukwepa kazi ya kikundi, kunakili asaimenti yako, kumsainia mahudhurio mtu asiyekuwepo: alama. Kumpiga mgonjwa picha, kujaza chati bila kupima, kumshika mwenzako vibaya kwenye mazoezi, kuja wodini amelewa: hili fungu la tatu halisubiri wiki wala daftari, nitalieleza peke yake huko mbele.

Hatua ya 2: Jua kwanini anafanya hivyo

Hapa naomba usiruke, kwasababu ukijua sababu nusu ya kazi imeisha.

Sababu ya kwanza kabisa ni lugha. Watu wametoka form four, wengi wamesoma shule za kata, wamepata D zao za Fizikia, Kemia na Baiolojia wakaingia chuo, na ghafla mwalimu anafundisha nefroni, vile vichujio vidogo vya figo, kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Dakika ya kumi mtu keshapotea. Aliyepotea hawezi kukaa kimya lisaa lizima akiangalia ukuta, atamgeukia jirani. Wale wa nyuma mnaowaona wahuni, wengi wao hawaelewi na wanaona aibu kuuliza. Nimewaona wakija wodini, ukimweleza kitu kwa Kiswahili pembeni ya kitanda anakaa kimya, macho yamemtoka, anauliza maswali mazuri kuliko hata wale wa mbele.

Ya pili ni mchanganyiko wa umri. Darasa moja unakuta binti wa miaka 18 na mama wa miaka 38 aliyekuja kujiendeleza, keshafanya kazi zahanati miaka kumi, ameacha watoto nyumbani. Yule mama anaona hawa watoto wanacheza, watoto nao wanaona huyu mama anajifanya anajua kila kitu kwasababu kila mwalimu akisema jambo yeye anasema "lakini kazini sisi hatufanyi hivyo". Wote wana haki kidogo na wote wanasumbua.

Ya tatu, kuna mtu hakutaka uuguzi. Baba kasema nenda kasome nesi kuna ajira, yeye alitaka kitu kingine. Huyu anaweza kukaa mwaka mzima ana hasira na kila mtu, na hasira yake inamwangukia aliye karibu.

Na kuna uchovu na njaa. Aliyetoka zamu ya usiku akaingizwa kipindi cha mchana atakuwa mkali, na mwisho wa mwezi mtu anayekula mara moja kwa siku hana uvumilivu. Sikwambii uvumilie kila kitu kwasababu hiyo, nakwambia ili ujue pa kuanzia utakapoongea naye.

Hatua ya 3: Jilinde kwanza bila kugombana na mtu

Kaa mstari wa kwanza au wa pili, upande ulio mbali na mlango. Inaonekana rahisi ila watu hawafanyi kwasababu wanaogopa kuitwa mnoko. Fika dakika kumi kabla, kaa, basi.

Soma mada usiku kabla ya kipindi, hata kwa nusu saa. Usisome kwa kukariri, pitia picha na vichwa vya habari, chora mchoro mmoja kwa mkono. Mtu aliyeshachora moyo na vyumba vyake vinne akikosa sentensi tatu za mwalimu kwa kelele hapotei, ila aliyekuja mtupu akikosa hizo tatu kipindi kimemwishia. Kwa mimi hii ndo kinga kubwa kuliko zote maana haihitaji ruhusa ya mtu.

Kurekodi sauti omba kwanza: "Samahani mwalimu, naomba kurekodi kwa ajili ya kusikiliza mwenyewe, sitasambaza." Akikataa acha. Akikubali usirushe kwenye grupu, utamuudhi na mlango utafungwa kwa wote.

Alafu tengeneza kikundi chako cha diskasheni cha watu wanne. Wanne wanatosha, wakifika saba tayari ni darasa lingine lenye fujo. Chagua watu wanaokuja kwa wakati, sio lazima wawe vipanga. Kaeni alfajiri au baada ya chakula cha jioni, simu zote zikae mezani zimegeuzwa, kila mmoja afundishe wenzake kipengele kimoja kwa Kiswahili kwanza alafu mkiseme kwa Kiingereza kama mtakavyokiandika kwenye mtihani. Na kama unaweza, mchukue mmoja wa wale wa nyuma mumweke humo. Akianza kuelewa, kelele yake darasani inapungua yenyewe, nimeliona hili mara nyingi kwa wanafunzi wanaopita kwetu.

Hatua ya 4: Ongea naye, wawili tu

Kabla ya CR (kiongozi wa darasa), kabla ya mwalimu, kabla ya kuandika chochote kwenye grupu la WhatsApp, mtafute mwenyewe. Watu wengi hawajui wanasumbua. Ila namna unavyoongea ndo inaamua kama atabadilika au utakuwa umeongeza adui.

Usimwambie mbele ya watu, usimwambie kipindi kikiendelea, usimwambie ukiwa umekasirika. Msubiri mkiwa mnatoka kantini au mnatembea kwenda bweni. Salimia kwanza, uliza hali kwa dhati, alafu sema jambo moja tu, ulivyoathirika, na unachoomba. Mfano kwa mnayelingana:

"Mambo vipi, umeshindaje? Nina jambo nataka nikwambie ila usinielewe vibaya. Jana kipindi cha Famakolojia mlivyokuwa mnaongea pale nyuma mimi sikusikia kabisa zile kanuni za kuhesabu dozi, na hilo somo linanisumbua. Naomba tukiwa kwenye kipindi chake mnipunguzie sauti. Na kama kuna kitu hakieleweki tukae jioni tukiangalie pamoja."

Ile sentensi ya mwisho ina kazi kubwa kuliko zilizotangulia, maana inamwambia humchukulii kama mjinga wala muhuni.

Kwa aliyekuzidi umri adabu inatangulia. "Shikamoo dada. Samahani naomba dakika mbili zako. Tunafaidika sana na uzoefu wako wa kazini, ila ukimkatisha mwalimu katikati sisi wageni tunapotea, hatujui tushike la nani. Naomba ukiwa na hoja utusubirie mwisho, alafu tukae utueleze vizuri mnavyofanya huko." Mama wa watu aliyeheshimiwa namna hii mara nyingi anageuka kuwa mwalimu wenu wa pembeni, na atawafundisha kushona na kufunga vidonda kuliko mnavyofikiria. Ukimwambia "we mama unatupotezea muda" umempoteza mpaka mnahitimu.

Na kama wewe ndo mkubwa, usimwite binti wa watu mtoto mbele ya wenzake. "Mdogo wangu njoo nikwambie" inatosha.

Akikujibu vibaya usijibu. Mwambie "sawa, nimekwambia kwa nia njema", ondoka, andika tarehe kwenye daftari lako. Mpe wiki mbili.

Hatua ya 5: Chumba cha vitendo

Hapa nakaa kidogo maana madhara yake yanakuja mpaka kwetu wodini.

Kwenye mazoezi ya vitendo kuna kero nne: wanaozunguka meza mpaka wengine hawaoni, mmoja anayeng'ang'ania vifaa, wanaocheza na doli, na wanaomcheka anayefanya. Hao wa mwisho ndo wabaya zaidi. Chukua kuweka mpira wa mkojo. Umenawa, umevaa glavu tasa (zisizo na vijidudu), umetandaza kitambaa, umepanga vifaa, mtu nyuma yako anatoa neno watu wanaangua kicheko, unastuka, mkono unagusa pembeni ya trei. Kila kitu hapo si tasa tena na unatakiwa uanze upya. Wanafunzi wengi kwa aibu hawaanzi upya, wanaendelea, na wanazoea kuendelea. Akija kwa mgonjwa wa kweli anaendelea vilevile, na maambukizi ya njia ya mkojo yanaingia hapo.

Cha kufanya, gawanyeni kwa watano watano na kila mtu apewe kazi. Mmoja anafanya. Mmoja anashika karatasi ya hatua na kusoma kimya akiweka alama. Mmoja anakuwa mgonjwa, anajibu maswali na kusema kama anaumia. Wawili wanaangalia na kuandika kitu kimoja kizuri na kimoja cha kurekebisha. Alafu mnazunguka. Mtu mwenye kazi hana muda wa kucheka. Kubalianeni sheria moja tu, anayefanya haongeleshwi mpaka aseme nimemaliza. Mwalimu akiona mmejipanga hivyo mara nyingi anawaachia chumba hata jioni.

Anayeng'ang'ania vifaa mpeni kushika muda. Dakika kumi kila mtu, simu ikilia anapisha, ikianza na yeye.

Sasa kuna la kushikana. Tunajifunza kupima presha, kusikiliza mapafu, kupapasa tumbo kwa kufanyiana, ni kawaida. Lakini hata mazoezini mtu anaombwa ruhusa kwanza, anafunikwa, na anaweza kusema hapana. Mtu akitumia mazoezi kukushika pasipohusika, au anarudia maneno machafu kuhusu mwili wako, hiyo haipo kwenye fungu la kuongea naye wawili. Acha zoezi pale pale, sema kwa sauti "sitaki, toa mkono", toka, nenda kwa matroni au mshauri wa wanafunzi siku hiyo hiyo, ukiwa na mtu unayemwamini. Usikae nalo ukijiuliza kama umekosea.

Hatua ya 6: Kazi za kikundi

Kwenye vyuo vingi vya afya tathmini endelevu inabeba 40 na mtihani wa mwisho wa semista 60, kwahiyo mzembe kwenye kikundi anakula kwenye hiyo 40 yako. Siku ile ile mmepewa swali kaeni dakika ishirini, gaweni vipengele kwa majina, wekeni tarehe ya kukusanya iwe siku tatu kabla ya tarehe ya mwalimu, alafu mmoja aandike yote kwenye grupu la kikundi: fulani visababishi, fulani dalili, fulani matunzo ya kiuguzi, mwisho Jumatano jioni. Hiyo meseji ndo ushahidi wako.

Mtu akipitisha tarehe mpigie simu, usitume meseji, muulize kama kuna shida. Inawezekana kafiwa, inawezekana hana bando, inawezekana haelewi swali. Msaidie kama ni hivyo. Kama ni uzembe tu, mwambieni mapema kwamba jina lake litaandikwa kwa kipengele alichofanya, na mkaonane na mwalimu kabla ya kukusanya. Baada ya matokeo mwalimu atawaona walalamishi, kabla ya kukusanya atawaona watu wazima. Mkiweza mwombeni akubali kila ukurasa uwe na jina la aliyeuandika, na siku ya prezentesheni aulize swali mtu yeyote atakaye.

Na tafadhali msimfanyie mtu ili yaishe. Naelewa kwanini watu wanafanya hivyo, kuna alama zao pia. Ila mtu aliyefanyiwa mpango wa matunzo semista nne anakuja wodini hajui kuandika hata mmoja, na pale mgonjwa yupo.

Hatua ya 7: Wodini

Darasani kelele inakupotezea noti, wodini inapoteza vitu vingine. Nikupe mifano miwili ya kila siku.

Mama yupo uchungu, unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu ile ya koni. Unaweka sikio, unashika mshipa wa mama na mkono mwingine ili usichanganye mapigo yake na ya mtoto, unahesabu dakika nzima, baada ya mkazo kupita. Sauti yenyewe iko mbali, kama saa iliyofunikwa na mto. Wenzako wawili wanapiga stori upande wa pili wa kitanda, unafika 70 unapotea. Unarudia, unapotea. Mara ya tatu mtu anaandika 140 kwasababu 140 inapendeza, iko kati ya 110 na 160 ambayo ndo kawaida. Kwenye patografu (chati ya kufuatilia uchungu) inaonekana mtoto mzima kumbe hakuna aliyemsikia. Na ile nukta inatakiwa kila nusu saa, kwahiyo uongo mmoja unavuta mwingine.

Wa pili ni dawa. Mtoto kaandikiwa gentamaisini miligramu 60, ampuli ina 80 kwenye mililita 2, unahesabu 60 gawanya kwa 80 mara 2, unapata mililita 1.5. Katikati ya hesabu mtu anakuuliza habari za jana, unajibu, unarudi kichwa kiko kwenye ampuli, unavuta yote 2. Hiyo ni dawa inayoumiza figo na masikio ikizidi.

Kwahiyo wodini hauombi kimya kama hisani. Sema kifupi bila kugeuka: "Nahesabu dawa, nisubiri." "Nasikiliza mtoto, naomba kimya." Ukisema hivyo kila siku wenzako wanazoea, hata wakubwa wanakuheshimu. Ukipotea hesabu rudia, na ukishindwa mwambie muuguzi wa zamu aje asikilize, mimi nitakuja na sitakugombeza. Usiandike namba ambayo hukuipata.

Ukimwona mwenzako anajaza presha na joto la wagonjwa kumi akiwa amekaa mezani, kwanza nenda kapime wale wagonjwa, au angalau waliozidiwa, wakiwa salama ndo mengine yafuate. Alafu mwambie inchaji (msimamizi) wa wodi zamu hiyo hiyo. Usisubiri kurudi chuo. Sema ulichoona tu: "Dada, chati ya kitanda cha 4 imejazwa saa 12 lakini mgonjwa hajapimwa, nimempima sasa hivi presha ni kadhaa."

Picha za wagonjwa nazo ni hapo hapo. Kuna watu wanapiga picha kidonda, kichanga, maiti, wanaweka status. Mwambie afute mbele yako, na mwambie inchaji. Siri ya mgonjwa ipo kwenye maadili ya taaluma yetu, ipo kwenye kiapo mnachokula na mshumaa mkononi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata kama umeipokea tu kwenye grupu, usiisambaze, ifute.

Hatua ya 8: Grupu la WhatsApp

Hili fupi. Muombeni CR afungue grupu la matangazo ambalo viongozi tu wanaandika, lile la stori libaki la stori, na wewe lizime sauti mwaka mzima. Usimseme mtu kwenye grupu hata kama una haki, pale mtu anajitetea mbele ya watu 90 na hawezi kurudi nyuma. Mtu akirusha karatasi ya mtihani inayodaiwa imevuja, usiifungue, usiijibu, usichangie hela, mjulishe mlezi wa darasa. Kuna watu wamesimamishwa masomo kwa kuwa tu kwenye orodha ya waliochanga.

Hatua ya 9: Ikibidi kupeleka mbele

Umeongea naye, wiki mbili zimepita, daftari lako linaonyesha hali ni ile ile. Sasa ngazi inakuwa hivi: CR kwanza, alafu mlezi wa darasa au mwalimu wa somo husika, alafu mshauri wa wanafunzi, mwisho kabisa mkuu wa chuo. Ukiruka ngazi utarudishwa chini na muda utakuwa umepotea. Mambo ya kupigwa, kutishiwa, kushikwa vibaya, ulevi wodini na usalama wa mgonjwa hayana ngazi, nenda kwa mkubwa yeyote aliye karibu.

Andika, usiende na maneno matupu. Nusu ukurasa:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Tarehe 4, 9 na 11 mwezi huu, kwenye mazoezi ya vitendo, mwenzetu fulani aliwacheka na kuwaongelesha waliokuwa wakifanya prosija, na watu watatu walishindwa kumaliza. Tarehe 12 niliongea naye peke yetu, tarehe 26 nilimweleza CR. Hali haijabadilika. Naomba vikundi vya mazoezi vipangwe upya au mwalimu awepo kwenye kikundi chetu."

Umeona hakuna tusi, hakuna "ana tabia mbaya", na mwisho kuna ombi linalotekelezeka. Mkubwa akipata karatasi ya namna hii anajua afanye nini. Akipata "darasa letu halina nidhamu" atakuja kuwagombeza wote alafu Jumatatu mambo yanarudi. Baki na nakala yako. Kama mko watano mnaoathirika andikeni pamoja, msaini wote, inapunguza mtu mmoja kubebeshwa jina la msaliti.

Na watakuita hilo jina, au mnoko, au kimbelembele, kwa wiki kadhaa. Nakuhurumia kwa hilo kwasababu bweni ni dogo. Kula na watu wako, endelea kumsalimia uliyemripoti, usimseme popote. Ila ukiona hulali, chakula hakipiti, unalia kabla ya kwenda darasani, nenda kwa mshauri wa wanafunzi kwa ajili yako mwenyewe, hiyo ni sababu tosha ya kumwona kama homa ilivyo sababu ya kwenda zahanati.

Hatua ya 10: Kabla ratiba ya mzunguko haijatoka

Ukiwa na mtu ambaye mmejaribu yote imeshindikana, usisubiri mpangiwe naye miezi miwili hospitali ya wilaya mbali na chuo. Wiki moja au mbili kabla ya ratiba kubandikwa nenda kwa mwalimu anayeratibu mafunzo ya vitendo, mweleze kwa kifupi, mwonyeshe ile nakala, muombe kikundi kingine. Ikishabandikwa kubadilisha ni ngumu maana hospitali imeshapelekewa majina. Ikishindikana kabisa na mkapangwa pamoja, siku ya kwanza mkifika mwombe inchaji awagawe wodi tofauti, yeye wodi ya wanaume wewe wodi ya watoto, alafu mnabadilishana katikati. Huhitaji kumweleza historia yote, sema tu mngependa kila mmoja apate wagonjwa wa kutosha kwenye kitabu cha prosija. Sisi wodini tunapenda kugawa wanafunzi, wakiwa wengi kitanda kimoja hakuna anayejifunza.